Kagua Waya wa Umeme Kabla ya Kushika Kazi

SOMO LA USALAMA KAZINI



Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi vya nchi yetu. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimesimama mahali ambapo zamani palikuwa na koroboi tu. Umeme umeleta mwanga na mashine za kusaga. Umeleta pia namna mpya ya kujenga. Zamani fundi alikata nondo kwa msumeno wa mkono. Sasa anakata kwa grenda. Zamani alitoboa mbao kwa keekee. Sasa anatoboa kwa drili ya umeme.

Lakini jengo linapojengwa bado halina umeme. Darasa jipya au zahanati mpya haina hata soketi moja. Basi mafundi hufanyaje? Huomba umeme katika nyumba ya karibu, labda nyumba ya mwalimu. Huchomeka waya mrefu huko, wakauvuta juu ya mchanga, kokoto na matope mpaka penye kazi. Huo ndio waya wa kurefushia umeme. Mafundi wengi huuita ekstensheni.

Waya huu ni msaada mkubwa. Lakini pia unaweza kuua mtu mzima mwenye nguvu zake, mchana kweupe, mbele ya wenzake. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuuchagua, namna ya kuukagua, namna ya kuhesabu mzigo wake, na sheria inavyosema juu ya kazi za ujenzi.

1. NDANI YA WAYA MNA NINI?

Ukikata waya mzuri wa ekstensheni utaona ndani yake nyaya ndogo tatu.

Wa kwanza ni waya wa moto. Huu ndio unaoleta umeme. Rangi yake ni kahawia. Katika nyaya za zamani ni nyekundu.

Wa pili ni nyutro. Huu hurudisha umeme ulikotoka. Rangi yake ni buluu. Katika nyaya za zamani ni nyeusi.

Wa tatu ni waya wa ardhi. Mafundi huuita ethi. Rangi yake ni kijani chenye mistari ya njano. Katika nyaya za zamani ni kijani kitupu.

Waya wa tatu siku zote hauonekani kufanya kazi. Mashine huzunguka hata kama haupo. Kwa sababu hiyo watu wengi huudharau. Hununua waya wa nyaya mbili kwa kuwa ni wa bei ndogo. Wengine huukata wa tatu na kuutupa. Wengine huchukua kalamu au kijiti, wakakisukuma katika tundu la juu la soketi ili lile lango la ndani lifunguke, kisha wakaingiza plagi ya meno mawili. Wako hata wanaochomeka nyaya tupu bila plagi!

Jamani, tundu lile la juu ndilo tundu la ardhi. Halikuwekwa kwa pambo. Hebu tuone kazi yake.

Tuseme ndani ya mashine ya chuma waya wa moto umechubuka, ukagusa bodi ya mashine. Sasa mashine yote ina umeme. Kama waya wa ardhi upo na ni mzima, umeme mwingi utapita humo kwenda ardhini, na fyuzi itakatika au saketi breka itajizima. Mashine itasimama. Utasema, "Mashine imeharibika." Kumbe umeokoka.

Kama waya wa ardhi haupo, mashine itaendelea kukaa na umeme wake kimya. Itangoja mtu aishike. Akiishika huku miguu yake iko chini, umeme utapita mwilini mwake kwenda ardhini. Yeye mwenyewe ndiye atakuwa waya wa tatu.

Ziko mashine za mkono ambazo hazihitaji waya wa ardhi. Hizo zimetengenezwa na kinga mbili. Utazitambua kwa alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Tazama alama hiyo kwenye kibati cha mashine. Lakini ekstensheni yenyewe iwe na nyaya tatu daima, kwani hujui kesho itachomekwa mashine gani.

2. "SI KUNA FYUZI?"

Watu wengi husema hivyo. Ni kweli, fyuzi ipo ndani ya plagi, na mara nyingi ni ya ampea 13. Lakini tufikiri kidogo.

Umeme wa ampea 0.01 tu ukipita mwilini unaweza kukaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachia alichoshika. Umeme wa ampea 0.03 unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Sasa linganisha 0.03 na 13. Hiyo 13 ni kubwa zaidi ya mara 400. Mtu anaweza kufa, na fyuzi isijue kitu. Fyuzi hulinda waya usiungue. Hailindi mtu aliyeshika waya.

Kinga ya mtu ni swichi ya namna nyingine. Mafundi huiita RCD. Swichi hii hupima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Ikiona umeme wa ampea 0.03 umepotea njiani, hukata mara moja, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Inaweza kufungwa kwenye boksi la umeme la nyumba. Ziko pia za kuchomeka kwenye soketi kabla ya ekstensheni.

RCD ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila asubuhi. Umeme ukikatika, swichi ni nzima. Irudishe, fanya kazi. Umeme usipokatika, swichi ni mbovu, usianze kazi.

Kumbuka jambo moja. RCD haikulindi ukishika waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Kwa hiyo kuwa na RCD si ruhusa ya kuchezea waya.

3. KAGUA HIVI KILA ASUBUHI

Mkulima huutazama mpini wa jembe kabla ya kwenda shamba. Mpini ukipasuka anauona. Umeme hauonekani. Kinachoonekana ni waya, basi waya ndio wa kutazama. Fanya hivi kabla ya kuuchomeka:

(a) Tazama plagi. Isiwe imepasuka wala kuungua. Meno yake yawe matatu na yasitikisike.

(b) Tazama mahali waya unapoingia kwenye plagi. Hapo ndipo huchoka upesi, kwa sababu watu huchomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika plagi. Ukiona rangi za nyaya za ndani, waya huo haufai.

(c) Pitisha waya wote mkononi, polepole, toka mwanzo hadi mwisho. Tafuta mahali palipochubuka, palipobanwa, au palipoungwa kwa tepu. Fanya hivi waya ukiwa haujachomekwa.

(d) Tazama soketi za mwisho. Zisiwe na maji, saruji wala mchanga ndani yake.

Ukikuta kasoro, usizungushie tepu na kuendelea. Tepu huficha jeraha, haiponyi. Kama waya umechubuka karibu na plagi, fundi umeme anaweza kukata kipande kibovu na kufunga plagi upya. Kama umechubuka katikati, usitumike tena kwa urefu wake ule.

Baada ya kukagua, tazama njia ya waya. Usipite mahali pa matoroli. Usipite kwenye dimbwi wala kwenye zege bichi. Usifungwe kwa msumari wala kwa waya wa kufungia nondo. Usikwaruzwe na ukingo wa bati. Ukiweza, utundike juu ya miti mikavu. Maungio ya ekstensheni mbili yakilala kwenye maji ni mtego. Ni bora waya mmoja wenye urefu wa kutosha kuliko vipande vitatu vilivyoungwa.

Na wewe mwenyewe usishike mashine ya umeme ukiwa pekupeku au mwenye mikono yenye maji. Jasho, matope na saruji mbichi hurahisishia umeme njia ya kuingia mwilini. Vaa viatu vikavu vyenye soli ya mpira. Mvua ikianza, zima, chomoa, na kazi ya umeme isimame.

4. TUFANYE HESABU

Kila mashine ina kibati chenye maandishi. Wewe sasa unajua kusoma. Kisome! Herufi V ni volti. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Herufi A ni ampea. Herufi W ni wati, yaani kiasi cha umeme ambacho mashine inakula.

Soketi ya kawaida na plagi yake hubeba ampea 13. Kupata wati, zidisha ampea kwa volti:

13 × 230 = 2,990

Kwa hiyo ekstensheni nzuri ya ampea 13 haitakiwi kubebeshwa zaidi ya wati 2,990.

Mfano. Grenda kubwa inakula wati 2,000. Drili inakula wati 700. Zote mbili zikifanya kazi pamoja:

2,000 + 700 = 2,700

Waya unaweza kubeba. Sasa mtu mmoja anakuja na birika la umeme la wati 1,500, anataka chai:

2,700 + 1,500 = 4,200

Huu ni mzigo uliozidi. Waya utapata joto. Plastiki yake italainika na kuyeyuka, nyaya zitagusana, na moto unaweza kuwaka. Chai ichemshwe kwenye mafiga.

Ekstensheni nyingine huviringishwa kwenye gurudumu. Baadhi ya magurudumu yana maandishi ya namba mbili za wati. Namba ndogo ni ya waya ukiwa umeviringwa. Namba kubwa ni ya waya ukiwa umekunjuliwa wote. Waya ulioviringwa hauna pa kupumulia; joto hubaki ndani. Kwa hiyo ukunjue wote, hata kama unahitaji hatua kumi tu.

Unene nao una maana. Waya mwembamba kama wa redio haufai kwa grenda. Kwa mzigo wa ampea 13, kila waya wa ndani usiwe chini ya milimita za mraba 1.5. Namba hiyo huandikwa juu ya ganda la waya. Kama waya ni mrefu sana, tumia wa 2.5, kwa sababu umeme hupungua njiani, mashine hukosa nguvu na kupata joto. Mashine nyingi za kuchomelea vyuma huvuta zaidi ya ampea 13. Hizo zisichomekwe kwenye ekstensheni ya nyumbani. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aziwekee njia yake.

Fundi huyo pia apime waya wa ardhi wa nyumba mnayochukua umeme. Kama nyumba yenyewe haina ardhi nzuri, hata ekstensheni yenye nyaya tatu haitakuokoa.

5. MAZUNGUMZO

Soma mazungumzo haya pamoja na mwenzako. Mmoja awe kibarua, mwingine awe fundi mkuu.

KIBARUA: Shikamoo, fundi.

FUNDI: Marahaba. Mbona grenda iko chini? Madirisha yanangoja.

KIBARUA: Waya umechubuka, fundi. Shaba inaonekana. Nimeuchomoa.

FUNDI: Aa, zungushia tepu bwana, kazi iendelee. Jana si umefanya kazi na waya huo huo?

KIBARUA: Jana hatukuukagua. Leo tumeukagua. Na hapa chini maji ya zege yamejaa.

FUNDI: Tutachelewa.

KIBARUA: Tutachelewa, ndiyo. Lakini mimi nina watoto, na wewe fundi una wako. Nipe kazi ya kupanga matofali wakati tunatafuta waya mwingine.

FUNDI: Haya. Uweke kando, uufunge kitambaa chekundu, mwingine asije akauchomeka. Mimi nakwenda kumwambia mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Kibarua huyu amefanya mambo manne mazuri. Amechomoa kwanza. Amemwambia mkubwa wake. Ametaja sababu bila matusi. Ameomba kazi nyingine, hakukimbia kazi. Na fundi naye amefanya vizuri: amesikiliza, akauondoa waya mbovu mikononi mwa wengine.

6. SHERIA INASEMAJE?

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaojulikana kwa jina la OSHA. Wakaguzi wake wana uwezo wa kuingia mahali pa kazi, kukagua, na kuzuia kifaa au kazi yenye hatari.

Sheria inampa mwajiri wajibu. Mahali pa kazi pasajiliwe. Vifaa viwe salama. Wafanyakazi waelezwe hatari za kazi yao. Wapewe vifaa vya kujikinga bila kulipishwa. Mwajiri akikukata mshahara kwa ajili ya buti au kofia ngumu, anavunja sheria.

Sheria inampa mfanyakazi wajibu pia. Ajihadhari yeye na wenzake. Atumie kinga aliyopewa. Akiona hatari, aseme. Ajali ikitokea, atoe taarifa.

Shirika la Kazi Duniani nalo lina Mkataba Na. 167 wa mwaka 1988, unaohusu ujenzi hasa. Mkataba huo unasema vifaa vya umeme vifungwe na kutunzwa na mtu mwenye ujuzi. Unasema pia kwamba mfanyakazi mwenye sababu nzuri ya kuamini kuwa kuna hatari kubwa iliyo karibu ana haki ya kuondoka hapo, na ana wajibu wa kumwarifu msimamizi wake mara moja. Yule kibarua wa mazungumzo yetu hakuwa mkaidi. Alifuata njia hiyo hiyo.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango yake hulipwa na mwajiri. Haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Mtu akiumia kazini au akifa, taarifa ipelekwe mapema. Kibarua asinyamaze kwa kudhani kwamba hana haki kwa kuwa hana barua ya ajira. Aulize. Andika jina la aliyekuajiri, tarehe uliyoanza, na malipo mliyopatana. Daftari lako la kujifunzia linatosha kwa kazi hiyo.

Sasa tuseme na sisi wenyewe. Mara nyingi darasa au zahanati ya kijiji hujengwa na kamati ya wanakijiji. Kamati hununua saruji, mchanga na bati. Huajiri mafundi, na wananchi hutoa nguvu zao. Je, katika orodha ya manunuzi mliandika ekstensheni ya nyaya tatu? Mliandika RCD? Mliandika malipo ya fundi umeme wa kupima? Kama hamkuandika, mafundi watatafuta waya wowote utakaopatikana, hata wa kuazima. Usalama wa kazi huanza siku ya kikao, kalamu ikiwa mkononi. Wewe unayejua kusoma na kuandika, simama katika kikao uombe vitu hivyo viandikwe. Bei yake ni ndogo sana mbele ya jeneza.

7. MTU AKISHIKWA NA UMEME

Usimshike! Ukimshika, mtakuwa wawili.

Kwanza, zima swichi kuu au chomoa plagi. Kama haiwezekani, simama juu ya mbao kavu, umsukume mbali na waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Usitumie nondo wala kitu chenye maji.

Pili, akishaachana na umeme, mwite kwa sauti. Tazama kama anapumua. Mtume mtu akatafute gari.

Tatu, kama hapumui, mlaze chali. Weka mikono miwili katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa huduma ya kwanza ampe pumzi 2 kila baada ya kubonyeza mara 30. Msiache mpaka apumue au mganga afike.

Nne, hata akisimama na kusema "Niko mzima," apelekwe zahanati. Umeme unaweza kumdhuru moyo na viungo vya ndani, na nje pasionekane kitu.

Onyo: kama mtu au nondo imegusa nyaya kubwa za juu ya nguzo, mti mkavu hautakulinda. Kaeni mbali wote, mwite TANESCO ikate umeme.

ZOEZI

1. Nyaya tatu za ndani ya ekstensheni zina kazi gani? Taja rangi zake.

2. Kwa nini fyuzi ya ampea 13 haitoshi kumlinda mtu?

3. Msumeno wa umeme una wati 1,400. Pampu ya maji ina wati 750. Je, ekstensheni ya ampea 13 itabeba zote mbili? Ukiongeza taa kubwa za wati 1,000, itabeba?

4. Jadilini katika kikundi: Je, kamati ya ujenzi ya kijiji chenu inanunua vifaa vya kinga? Nani anakagua nyaya, na lini?

5. Nenda na mwenzako mkaangalie ekstensheni moja iliyopo kijijini. Hakikisheni imechomolewa. Andika katika daftari mambo mliyoyaona.

Jibu la swali la 3: 1,400 + 750 = 2,150. Itabeba. 2,150 + 1,000 = 3,150. Haitabeba.